Kabla Hujamwambia Afumue

Jumamosi moja ya Novemba, giza likianza kuingia, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la saluni moja jirani na soko la Mbuyuni, Moshi, nikisubiri zamu yangu. Kwenye kiti alikaa binti wa Uru, miaka ishirini na kitu, kichwani ana twende kilioni iliyosukwa siku tatu tu kabla. Mistari ilikuwa bado inang'aa mafuta. Na msusi alikuwa anaifumua, mstari kwa mstari, kwa mkia wa kitana, huku binti ameshika simu yenye ujumbe wa msimamizi wake: Jumatatu uje na nywele za kistaarabu.

"Sasa hizi zina ushenzi gani?" msusi akauliza. Hakuna aliyejibu. "Mdogo wangu, huo ustaarabu amekwambia ukoje?"

"Hajasema, dada. Kasema nitajua mwenyewe."

Msomaji wangu, twende kilioni unaifahamu. Jina lenyewe linajieleza: umepata habari za msiba asubuhi, unasukwa haraka mistari ya kurudi nyuma, unajifunga kanga, safari inaanza. Ni msuko ambao mama mkwe haulalamikii, mchungaji hauoni, na bibi wa Kibosho anausifu. Unafaa mbele ya jeneza. Kwenye kaunta ya mapokezi ya hoteli, inaelekea, haufai. Binti yule alikuwa na wiki mbili kazini.

Sikuweza kunyamaza kwa sababu yalishanikuta. Zamani kidogo nilifanya kazi dirishani katika ofisi moja ya hapa mjini, nikiwa na nywele zangu za asili nilizozichana na kuzibana nyuma. Bosi akaniita pembeni, akaniambia nionekane "nadhifu zaidi". Nikaenda kununua wigi. Januari ya Moshi mnaijua, mlima wenyewe unajificha kwa joto. Siku ya nne niliinama kuokota risiti, wigi likatangulia. Mzee aliyekuja kulipia bili yake akaliokota, akalikung'uta vumbi, akanirudishia kwa mikono miwili: "Pole mama, kofia yako." Sijawahi kukutana na mtu mwenye adabu kuliko yule mzee.

Kinachonichekesha hadi leo ni historia ya hilo wigi. Oktoba 1968, umoja wa vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969. Vilivyopigwa marufuku ni sketi fupi, suruali za kubana, krimu za kujichubua, na mawigi. Wigi lilikuwa alama ya kujidharau, na Dar es Salaam wanawake walisumbuliwa mitaani kwa sababu ya mavazi yao. Kwa hiyo mama zetu walikatazwa wigi ili wawe Waafrika, nami nikaagizwa wigi ili niwe nadhifu. Kichwa ni kilekile, aliyebadilika ni mwenye kutoa amri.

Tena hatujaacha. Septemba 2018 Spika Job Ndugai aliwapiga marufuku wabunge kuingia ukumbini na kope na kucha za bandia. Juni 2021 mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa bungeni kwa sababu ya suruali aliyoivaa, baada ya mbunge mwenzake mwanaume kuinuka kulalamika. Sisemi Bunge lisiwe na kanuni za mavazi. Nasema kanuni ikishaachwa ikae kwenye jicho la anayetazama, anayetolewa nje huwa mwanamke.

Mfano wa karibu zaidi nimeuona umebandikwa ukutani kwenye jiko la wafanyakazi mahali fulani: RASTA HAIRUHUSIWI. Maneno mawili tu. Lakini rasta ni nini, jamani? Dukani, rasta ni yale mafungu ya nywele za bandia unayoyanunua kusukia. Mtaani, rasta ni nywele zilizofungwa na kuachwa zikue, na ni huyohuyo mtu aliyezifuga. Kwa wengine rasta ni imani. Dada aliyesukwa rasta anazifumua baada ya wiki kadhaa na maisha yanaendelea. Kaka mwenye rasta za miaka minane akizikata amekata miaka minane. Tangazo lile limewapiga wote kwa fimbo moja, na aliyeliandika hakujua kwamba ameandika sheria tatu.

Sasa panda nami hadi lango la Marangu au Machame, wanakoanzia wapanda Kilimanjaro, asubuhi ya msimu. Pale kuna kanuni kali kuliko za hoteli yoyote ya mjini. Mpagazi anafika na mzigo, mzigo unapanda kwenye mizani, ukizidi kilo 20 unapunguzwa. Hakuna kujuana. Kila mtu anaona namba, na kila mtu anajua kwa nini: shingo na magoti ya mtu vina kikomo, na huko juu hewa ni nyembamba. Wakati huohuo, kati ya waongoza wageni waliosimama pale, huyu ana kipara, yule ana rasta zinazofika mabegani kazikusanya ndani ya kofia ya sufu, mwingine kakata kiduku. Mgeni aliyevuka bahari atamkabidhi mmoja wao uhai wake hadi mita 5,895. Anachotaka kujua ni kama kaka huyu anaitambua dalili ya ugonjwa wa mwinuko.

Siku sita baadaye mgeni huyohuyo anashuka, anaoga, anafika mapokezi. Ndipo tunapoanza kuogopa asije akaudhika kwa twende kilioni ya binti wa Uru.

Ndiyo maana nauliza: kanuni ya nywele, mizani yake iko wapi?

Mahali pengine ipo, na nisingependa mtu anisome vibaya. Kwenye mitambo ya kusaga miwa pale kiwanda cha sukari cha TPC, nywele ndefu zilizoachwa huru karibu na mkanda unaozunguka zinaweza kumvuta mtu. Mpishi afunike kichwa, maana hakuna anayelipia supu yenye unywele. Muuguzi wodini abane nywele zisimguse mgonjwa. Kuruta wa Shule ya Polisi ananyolewa, na alilijua hilo kabla hajajaza fomu. Haya yote unaweza kumwambia mtu usoni bila kubabaika. Angalia pia kwamba karibu yote yanadai nywele zifunikwe au zibanwe. Mengi hayadai kwamba ziwe za aina nyingine.

Sheria nayo inaelekea hukohuko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kama rangi, kabila, dini na jinsia. Neno nywele halimo. Lakini mwajiri anayesimamia nywele za wanawake tu, au anayemwandama mtu kwa nywele alizozifuga kwa imani yake, hayuko mbali na kifungu hicho. Kuna pia kanuni za utendaji bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007: kumfukuza mtu kwa kuvunja kanuni ya kazini, lazima kanuni hiyo iwe ya haki, ieleweke bila utata, mfanyakazi awe anaijua, na iwe inatumika kwa wote sawasawa. "Nitajua mwenyewe" haipiti hapo. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Zinakwisha upesi kuliko unavyodhani.

Afrika Kusini walishalipima hili hadi mwisho. Mwaka 2007 maofisa watano wa kiume wa gereza la Pollsmoor, Cape Town, walifukuzwa kwa kukataa kukata rasta zao. Baadhi walikuwa Warasta, wengine walizifuga kwa mila ya Kixhosa. Wenzao wa kike wenye rasta hawakuguswa. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ya Juu ikasema huo ni ubaguzi: gereza halikuweza kuonyesha ni kazi gani ilishindikana kwa sababu ya nywele zile. Swali hilo, ni kazi gani inashindikana, naliona lingetosha kubandikwa kwenye mlango wa kila meneja wa Moshi.

Halafu kuna hesabu, na hapa nasema na Wachaga wenzangu ambao hesabu haitupiti. Sare ya kazi, mara nyingi, hununua mwajiri. Nywele hununua nani? Binti yule alilipa kusukwa Jumatano, akalipa kufumuliwa Jumamosi, akalipa dawa ya kulainisha nywele iliyomwasha utosi hadi akatoa machozi, na dawa hiyo inataka kurudiwa kila nywele mpya zikiota. Mshahara wa kwanza hajaupata. Tumtake awe nadhifu kwa gharama yetu, au tumwache awe nadhifu kwa namna anayoiweza.

Kwa hiyo naomba mambo machache, na nayaomba kwa wema. Ninyi wenye hoteli, kampuni za utalii, benki na maduka: masika yakiingia, wageni wakipungua, fungueni ile karatasi ya kanuni za wafanyakazi. Isomeni pamoja nao, kwa chai, akiwepo anayesuka na asiyesuka. Kila mstari wa nywele uulizwe unazuia nini. Ule usio na jibu ufuteni siku hiyohiyo. Ule wenye jibu uandikeni vizuri, rasta ikiwa rasta gani, na mumpe mtu kabla hajasaini mkataba.

Wewe mfanyakazi, ukiambiwa ubadilishe kichwa, omba uandikiwe, kwa heshima. Mara nyingi amri ya mdomo hufa ikitakiwa karatasi. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, CHODAWU, kazini kwenu, wapelekee suala hilo waliweke mezani wakati wa kujadili mkataba, wasisubiri hadi mtu afukuzwe.

Nasi wateja tumo. Mameneja wengi hujitetea kwamba wateja hawapendi. Wateja wenyewe ndio sisi, hasa Desemba, wana wa Kilimanjaro wanaporudi kula Krismasi na saluni zote za mjini hazina nafasi hadi usiku, kila mama akitaka asukwe kabla hajapanda kijijini. Tunasukwa wenyewe, halafu jina letu linatumika kumfumua aliyetuhudumia. Safari hii, ukifika mapokezi ukakuta binti kasuka twende kilioni na kakupokea vizuri, usiondoke kimya. Namba ya meneja huwa imebandikwa pale kaunta. Mpigie umwambie.