Lupasi yahitaji jopo, si daktari mmoja

MWANAMKE wa umri wa miaka 28 akilalamikia homa isiyokoma, uchovu na maumivu ya viungo, aghalabu malaria ndiyo hushukiwa kwanza. Asipopona, hupimwa kifua kikuu. Vipele vikimtoka mashavuni, hutumwa kwa daktari wa ngozi. Miguu ikivimba, kwa daktari wa figo. Kila mmoja humtazama kwa jicho lake, na bahasha ya vipimo huzidi kunenepa.

Huenda maradhi yote hayo ni mamoja: lupasi, hali ambapo kinga huasi na kuushambulia mwili iliyopaswa kuulinda. Takriban wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, wengi wao wa umri wa kuzaa. Hakuna kipimo kimoja kinachotosha kuithibitisha. Hata kile cha damu kiitwacho ANA huweza kuonyesha chanya kwa mtu mwenye afya njema.

Ndiposa yafaa madaktari wa viungo, figo, ngozi, uzazi na maabara waketi meza moja, wajadili faili moja.

Chukua mfano wa mja mzito mwenye lupasi ambaye shinikizo la damu limepanda na mkojo wake una protini. Je, hizo ni dalili za kutangulia kifafa cha mimba, au lupasi imevamia figo? Tiba hazifanani. La kwanza hatimaye huisha kwa kumzalisha. La pili huhitaji dawa za kutuliza kinga. Kukosea hapo ni kuhatarisha roho mbili.

Vivyo hivyo kwa dawa. Maikofenoleti huokoa figo lakini huweza kumlemaza mtoto tumboni, ilhali haidroksiklorokwini yafaa kuendelezwa wakati wa ujauzito. Daktari wa figo asiyezungumza na wa uzazi anaweza kubomoa alichojenga mwenzake.

Watakaopinga watasema wataalamu wa viungo nchini ni wachache, na muda wa vikao hawana. Ni kweli. Lakini uchache huo ndio sababu ya kuwakutanisha. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inatambua matibabu ya mbali. Daktari aliye Lodwar anaweza kuwasilisha faili kwa wenzake walio Nairobi bila mgonjwa kupanda basi. Nayo Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, haina budi kuihesabu saa hiyo ya majadiliano kuwa matibabu.

Hata hivyo, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kila jopo liwe na daktari mmoja wa kuandika uamuzi, kuufuatilia na kumweleza mgonjwa kwa lugha anayoielewa. Bila huyo, mkutano utabaki kuwa mazungumzo tu, na mgonjwa atarudi kwenye foleni na bahasha yake.