Mtoto wa otisimu si mlozi

Wandugu wanafunzi, kuna watoto wenye hawasemi sana, wenye kuziba masikio kengele ikilia, wenye kulia saa ya masomo ikibadilishwa. Watu wanasema: huyu ni mlozi. Hapana! Ni otisimu, daktari Leo Kanner aliieleza tangu 1943. Fimbo haiiondoe. Wataalamu wa Marekani walichunguza majaribio mengi, na katika 2020 walitaja njia 28 zenye kusaidia kweli. Moja ni picha zenye kuonyesha kazi za siku, hii kisha ile. Karatoni na kalamu vinatosha. Ingine ni sisi wenyewe: wanafunzi wafundishwe namna ya kucheza na kusoma naye. Basi, tusiachie walimu peke yao. Mwenye kumcheka anamfungia mlango wa shule.