INJINI KUUKUU NAZO ZITIWE KIZIMIO CHA USALAMA



Kila mwezi, mbalamwezi inapotanda, uvuvi wa ndagala katika Ziwa Tanganyika husimama kwa siku kadhaa. Taa zetu haziwezi kushindana na mwezi mpevu. Ndizo siku ambazo nyavu hushonwa, mitumbwi huzibwa matundu, na injini hubebwa begani kuletwa kwetu sisi mafundi. Katika siku kama hizo, nikiwa nimezungukwa na injini zilizofunguliwa, niliamua kuomba nafasi katika jarida letu ili niseme neno ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu.

Kabla ya kuwa fundi nilikuwa mvuvi. Alfajiri moja tulikuwa tukirudi nchi kavu, mitumbwi miwili ikifuatana. Kijana aliyekuwa ameshika mkono wa usukani katika mtumbwi wa mbele aliinuka kidogo ili aikaze kamba ya taa iliyolegea. Wimbi likampiga ubavuni, akaanguka majini. Injini haikujua kwamba imeachwa. Ilikuwa imetiwa kasi yote, na ikaendelea kunguruma vile vile. Mkono wa usukani ulipinduka wenyewe upande mmoja, mtumbwi ukaanza kuzunguka, na mzunguko huo ukaurudisha pale pale alipokuwa kijana akiogelea. Wenzake wawili waliokuwa katikati ya nyavu walitambaa kwenda nyuma kukitafuta kitufe cha kuzimia. Kabla hawajakifikia, propela ilikwisha kupita juu ya paja lake.

Hakufa, tunamshukuru Mungu. Lakini mguu ulikatwa, na tangu siku hiyo hakuingia tena ziwani. Tajiri mwenye mtumbwi alikuja kesho yake. Aliuliza kwanza habari za injini, kisha taa, mwisho habari za mtu. Aliposikia yote alisema, "Huo ni uzembe wake mwenyewe." Neno hilo ndilo lililokuwa malipo yote ya kijana yule.

JE, NI UZEMBE?

Mimi nauliza: mtu aliyefanya kazi usiku kucha, nguo zimelowa, macho yamechoka kwa mwanga wa taa, akateleza mara moja tu, je, huyo ni mzembe? Ziwa letu lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na upepo wake hauombi ruhusa. Kuanguka majini ni jambo la kazi yenyewe, kama vile kuungua ni jambo la kazi ya mwokaji mikate. Mwenye busara huuliza ni kitu gani kilichowekwa ili mtu akianguka asikatwe na chombo chake mwenyewe. Katika mtumbwi ule hakikuwekwa kitu.

Na kitu hicho kipo. Kinaitwa kizimio cha usalama. Ni swichi ndogo yenye kibanio cha plastiki, na kibanio hicho kimefungwa kwenye kamba. Mwisho wa kamba hufungwa mkononi mwa nahodha au kwenye jaketi lake la kuokolea. Akianguka, kamba humfuata, kibanio huchomoka, na injini huzimika papo hapo. Injini mpya huja nacho kutoka kiwandani. Huko Marekani, tangu tarehe 1 Aprili 2021, sheria inamtaka mwendesha chombo kidogo, kisichofika urefu wa futi 26 na chenye kizimio hicho, aifunge kamba mwilini anapokwenda kwa mwendo, isipokuwa usukani wake ukiwa ndani ya kibanda kilichofungwa.

Lakini sisi wengi wetu hatufanyi kazi na injini mpya. Tunafanya kazi na injini zilizopita mikononi mwa matajiri watatu au wanne, zilizofunguliwa na kufungwa mpaka vichwa vya skrubu vimelika. Nyingine viwanda vyake vimekwisha kufungwa: Evinrude, jina la mtu aliyeanza kuuza injini za namna hii mwaka 1909, zilikoma kutengenezwa mwaka 2020. Injini hizi hazikuja na kizimio, wala hakuna mtu wa kiwandani atakayetuletea. Tukikitaka, lazima tukitie sisi wenyewe.

KAZI YENYEWE SI NGUMU

Tajiri akiambiwa habari hii, jibu lake la kwanza ni kwamba utaharibu umeme wa injini yake. Nijibu kama fundi.

Nyingi kati ya injini kuukuu hazitegemei betri ili kuwasha plagi. Zina sumaku ndani ya flaiwili, na sumaku hizo zikizunguka huzaa umeme katika koili. Kitufe cha kuzimia kilichoko mbele ya injini kina kazi moja tu: ukikibonyeza, kinaugusanisha waya wa kuzimia na masi, yaani chuma chenyewe cha injini. Umeme uliokuwa uende kwenye plagi unapotelea kwenye chuma, na injini inakufa. Kizimio cha kamba kinafanya kazi ile ile. Kibanio kikiwa mahali pake, nyaya mbili zimetengana. Kikichomoka, springi inazigusanisha. Basi fundi huunga waya mmoja wa kizimio kwenye waya wa kuzimia, na wa pili kwenye masi. Kitufe cha zamani kinabaki pale pale na kinaendelea na kazi yake. Ni kazi ya saa moja au mbili, na swichi yenyewe, kwa bei za huku kwetu, haizidi gharama ya mafuta ya usiku mmoja.

Yako mambo ya kuangalia, na fundi asiyeyajua asiiguse injini ya watu. Injini ya silinda mbili yenye platini mbili isifungwe nyaya zake zote mbili pamoja kwenye ncha moja, maana silinda moja itaisumbua nyingine. Inataka swichi yenye njia mbili zilizotengana. Injini ambayo umeme wa plagi unatoka kwenye betri haizimwi kwa masi. Hiyo inataka swichi inayokata umeme wa betri. Na waya wa kuzimia wa injini ya sumaku usiguswe kamwe na umeme wa betri, kwa sababu hapo ndipo koili au kisanduku cha umeme kitaungua, na tajiri atakuwa na haki ya kulalamika. Zipo pia injini za zamani sana, kama British Seagull za Uingereza, zilizotengenezwa bila kitufe chochote na huzimwa kwa kuifunga kabureta. Hizo fundi atalazimika kuinua flaiwili na kuvuta waya mpya kutoka kwenye platini. Inawezekana, ila ichukuliwe siku nzima, isifanywe kwa haraka ufukoni.

Jambo moja nawaomba wote mlishike, fundi na asiye fundi. Katika injini ya sumaku, waya wa kizimio ukikatika au ukila kutu, injini haizimiki. Inaendelea kwenda kama kawaida, na wewe hutajua mpaka siku ya kuanguka. Kwa hiyo kizimio hakiaminiwi kwa kukitazama. Kila jioni, kabla ya kuondoka, washa injini, vuta kamba, sikiliza. Ikizimika, nendeni kazini. Isipozimika, hakuna safari.

MAKOSA YETU WENYEWE

Sasa nigeukie upande wetu, maana chama kisichojisema wenyewe hakiaminiki kinapomsema tajiri.

Nimeletewa injini ambazo zilikuja na kizimio kutoka kiwandani, lakini wavuvi wenyewe walikikata nyaya zake. Sababu wanazotoa nazijua zote. Kamba inasumbua wakati wa kuvuta nyavu. Kibanio kilipotea, na bila kibanio injini haiwaki. Mara mtu amegeuka vibaya, injini imezimika katikati ya mawimbi, wenzake wakamtukana.

Ndugu zangu, sababu hizi si za uongo, lakini kila moja ina dawa yake. Wakati wa kuvuta nyavu injini haina kazi ya kukimbia. Kamba ni ya wakati wa mwendo. Ikiwa fupi mno, itafutwe ile ya kujikunja kama ya simu za zamani, inayonyooka mtu anaposogea. Na kibanio cha pili kiwemo chomboni siku zote, kimefungwa mahali ambapo kila mtu anapajua. Hiki si cha kungojea cha kwanza kipotee tu. Fikirini: nahodha akianguka, kibanio kimekwenda naye majini. Waliobaki watawashaje injini ili wamrudie? Bila kibanio cha akiba tutakuwa tumemwokoa na propela, kisha tumwache azame mbele ya macho yetu.

Wala tusidhani kwamba kuwa na kamba kunatosha. Mwezi Mei mwaka 2013, huko Padstow, Uingereza, familia moja ilirushwa kutoka katika boti yao ya mwendo kasi. Boti ile ilikuwa na kamba ya kuzimia, lakini haikuwa imefungwa mwilini mwa dereva. Ilibaki ikizunguka bila mtu na kuwapitia wale waliokuwa majini. Baba na mtoto wake wa miaka minane walikufa, na wengine wanne wakajeruhiwa. Hao walikuwa watu wa matembezi, mchana kweupe, karibu na nchi kavu. Kamba inayoning'inia kwenye injini haimwokoi mtu.

NANI ALIPE?

Hapa ndipo ugomvi ulipo, na hapa ndipo chama kinahitajika.

Mnajua desturi yetu ya kugawana. Mapato ya usiku hutolewa kwanza mafuta, kisha matengenezo, halafu kinachobaki kinagawanywa, na tajiri huchukua fungu lake kubwa. Kwa hesabu hiyo tajiri anaweza kukubali kizimio leo, kesho akakiandika kwenye matengenezo, na mvuvi akajikuta ameulipia usalama wake kwa ndagala zake mwenyewe. Jambo hilo tulikatae.

Hatukatai kwa kiburi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi kitu. Mwezi Juni mwaka 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliingiza haki ya mazingira salama na yenye afya kazini katika haki za msingi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Atakuwapo mjuaji wa kusema kwamba mkataba huo unairuhusu nchi kuuweka uvuvi kando. Basi tumwonyeshe Mkataba namba 188 wa mwaka 2007, ulioandikwa kwa ajili ya wavuvi hasa na kuanza kutumika tarehe 16 Novemba 2017. Kifungu chake cha 8 kinasema kwamba mwenye chombo ndiye mwenye jukumu la jumla la kuhakikisha nahodha anapewa nyenzo za kutimiza wajibu wake. Nahodha ana wajibu wa kulinda watu wake, na mwenye chombo ana wajibu wa kumpa cha kuwalindia.

NINAPENDEKEZA HIVI

Kwanza, chama kikubaliane na matajiri, ufuko kwa ufuko, kwamba kila injini itiwe kizimio kwa gharama ya mwenye chombo, na gharama hiyo isiingie katika hesabu ya mgawo. Kazi ifanywe siku za mbalamwezi, ili asiwepo atakayesema amepoteza usiku wa kazi.

Pili, chama kinunue vizimio vingi kwa pamoja pamoja na vibanio vya akiba. Anayenunua kimoja kimoja dukani huumizwa bei.

Tatu, mafundi tukutane na tufundishane aina za injini zilizopo na namna ya kufunga kila moja. Fundi mmoja akiunguza koili ya mtu, kazi yetu sote itapata jina baya.

Nne, wavuvi wenyewe waweke sharti kati yao: asiyefunga kamba hashiki usukani. Sharti hilo lisingoje polisi wala mkaguzi.

Tano, jaketi za kuokolea zisisahauliwe. Kizimio huzima injini, lakini hakimwinui mtu majini.

Wako watakaosema kwamba tuna njaa, na mimi ninazungumza habari za kamba. Kweli njaa ipo, na bei ya mafuta inatunyonga. Lakini ndugu, yule kijana wa alfajiri ile alikuwa analisha watu saba. Leo anashona nyavu za wengine chini ya mti, akilipwa kwa kipande, na watoto wake wawili wameacha shule. Nyumba ile haikuingiwa na njaa kwa sababu ya bei ya mafuta. Iliingiwa na njaa kwa kukosa swichi ndogo inayoenea kiganjani.

Mbalamwezi ijayo injini zitaletwa tena kwangu. Atakayekuja na kizimio mkononi, mimi nitamfungia bila kudai ujira wangu, mpaka injini za ufuko wetu ziishe. Huo ndio mchango wangu. Wa tajiri na wa chama tunaungoja. Umoja wetu ndio ngao yetu.

Fundi wa injini, mwanachama