Wamevua gwanda, hawana pa kulala: kwa nini maveterani wanawake Marekani hawahesabiki?

Kila Januari, watu wa kujitolea Marekani huingia mitaani usiku na tochi na fomu. Wanapita chini ya madaraja, kwenye stesheni, kwenye mahema ya pembezoni, wakihesabu wasio na makazi. Mwaka 2024 walipata watu 771,480, idadi kubwa kuliko zote tangu hesabu hiyo ianze. Kati yao, waliowahi kuwa jeshini walikuwa 32,882.

Namba hiyo ya pili ilipokelewa kwa shangwe, na si bure. Mwaka 2010 maveterani wasio na makazi walikuwa zaidi ya 74,000. Kushuka kwa zaidi ya nusu wakati watu wengine wanazidi kukosa nyumba si jambo dogo.

Ila kuna watu tochi haiwafikii.

Sheria ya hesabu ni hii: unahesabiwa ukiwa kwenye makazi ya dharura, au ukilala mahali ambapo si pa binadamu kulala, kama barabarani au ndani ya gari. Ukilala kwenye kochi la rafiki, haumo. Ukiwa umebanana na wanao chumba kimoja kwa shangazi, haumo. Ukirudi kwa mwanamume anayekupiga kwa sababu huna pengine pa kwenda, kwa hesabu ya serikali wewe una nyumba.

Na hivyo ndivyo wanawake wengi wanavyoishi wakikosa makazi. Mama mwenye watoto hatandiki boksi barabarani, maana anajua akionekana huenda maafisa wa ustawi wa jamii wakaja kuwachukua watoto. Anajificha. Akijificha hahesabiki, na asipohesabika, bajeti haimjui.

Kwa nini wanakimbia makazi ya dharura

Kuna jambo lingine zito zaidi. Takriban mwanamke 1 kati ya 3 anayehudumiwa na Idara ya Maveterani, VA, anapoulizwa husema alinyanyaswa au kushambuliwa kingono akiwa jeshini. Sasa mtu huyo mpeleke kwenye bweni lenye wanaume watupu, wengi wao wanajeshi wa zamani, bafu la pamoja, mlango usio na komeo. Atalala? Wengi wanaona bora gari.

Hili lilijulikana zamani. Desemba 2011, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti kuhusu wanawake hawa. Ilionyesha kuwa waliotambuliwa na VA waliongezeka kutoka 1,380 mwaka 2006 hadi 3,328 mwaka 2010. Pia, zaidi ya asilimia 60 ya vituo vya muda vilivyohojiwa, vilivyokuwa vikipokea wanawake, havikuwa na nafasi kwa watoto wao. Yaani mama anaambiwa karibu, mtoto anaachwa mlangoni. Hakuna mama anayekubali biashara hiyo.

Jamii ilipoingia

Mmoja aliyeonja hali hiyo ni Jas Boothe, ofisa wa Jeshi la Marekani. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kilimwacha bila nyumba, na mwaka huohuo akagundulika na saratani. Alikuwa mama anayelea mtoto peke yake. Alipotafuta msaada akakuta mlango mwembamba kuliko alivyotarajia. Mwaka 2010 alianzisha shirika la Final Salute huko Virginia, la kuwapa maveterani wanawake na watoto wao nyumba za kuishi kwa pamoja.

Ona tofauti hapo: nyumba, si bweni. Jiko moja, mlango unaofungwa, watoto ndani.

Njia nyingine ya kijamii ni Stand Down, iliyoanzishwa na maveterani wa vita vya Vietnam mjini San Diego mwaka 1988 na kuenea nchi nzima. Kwa siku chache uwanja unageuka kituo cha kila kitu: chakula, nguo, daktari, hata hakimu wa kumaliza kesi ndogondogo zinazomzuia mtu kupanga nyumba. Kubwa kwa wengi ni kupata upya cheti cha kuachishwa jeshi, kile wanachokiita DD-214. Bila karatasi hiyo, milango mingi haifunguki.

Serikali nayo ina mpango wa HUD-VASH. Veterani anapata hati ya kulipiwa kodi, yeye anachangia takriban asilimia 30 ya kipato chake, na VA inampa mtu wa kumfuatilia. Kwa muda mrefu kulikuwa na kichekesho kichungu humo: fidia ya ulemavu ilihesabiwa kama kipato, hivyo aliyeumia sana akalipwa zaidi angeweza kuonekana tajiri mno kusaidiwa. Agosti 2024 kanuni hiyo ilibadilishwa.

Lakini hati si nyumba. Lazima mwenye nyumba aikubali, na mama apate wa kumwachia mtoto siku ya usaili wa kazi. Hapo ndipo vikundi vya mtaani, makanisa na wanawake waliotangulia kutoka jeshini hufanya kile ambacho ofisi haifanyi: kushika mtoto, kutoa lifti, kwenda naye kwa dalali.

Je, linatuhusu?

Kwa baadhi ya familia za huku, ndiyo. Mwenye green card anaweza kujiunga na jeshi la Marekani, na mpango wa MAVNI, uliofanya kazi kuanzia 2008 hadi 2016, ulitafuta wahamiaji wenye lugha maalumu, Kiswahili kikiwemo. Dada aliyekwenda huko, akatumikia, akatoka, anaweza hata asijiite veterani. Akiwaza veterani anamuona mzee wa kiume mwenye medali. VA yenyewe ilibadilisha kaulimbiu yake mwaka 2023 tu. Ile ya zamani ilimtaja mwanamume aliyepigana, kisha mjane na yatima wake.

Kwa aliye Marekani, VA ina laini ya wanawake waliowahi kuwa jeshini: 855-829-6636. Ndugu pia wanaweza kupiga.