Gamelani ya Java na Somo la Muziki katika Shule ya Msingi

Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha, tuliingia katika darasa la sita ambamo mwalimu mwanafunzi alikuwa akifundisha muziki wa mataifa mengine. Maandalio yake yalikuwa safi. Ubaoni alikuwa ameandika kwamba gamelani ni muziki wa kisiwa cha Java, nchini Indonesia, na kwamba ala zake nyingi ni za shaba nyeusi. Watoto walinakili, mwalimu akasahihisha tahajia, kengele ikalia. Muda wote wa kipindi hapakuwa na mtoto aliyegonga kitu wala kusikiliza kitu. Tulipomwuliza baadaye, alijibu kwamba shule haina ala za Java, kwa hiyo lililowezekana ni maelezo tu.

Hatumlaumu sana, maana ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa. Hata hivyo jibu lake hatulikubali. Muziki wa Java unafaa kufundishwa katika shule zetu hasa kwa sababu unamlazimisha mwalimu kuacha chaki na kutumia masikio. Anayeufundisha kwa maelezo matupu hajafundisha gamelani, amefundisha imla.

Yafaa kwanza tueleze kitu chenyewe. Jina latokana na neno la Kijava lenye maana ya kugonga kwa nyundo. Gamelani ni seti nzima ya ala: patu kubwa na ndogo zilizotundikwa, vyungu vya shaba vilivyolazwa juu ya kamba, vipande vya shaba vilivyopangwa mithili ya marimba, ngoma, filimbi, zeze la nyuzi mbili, na sauti za waimbaji. Kuna mipango miwili ya sauti: slendro, yenye sauti tano, na pelogi, yenye sauti saba. Ajabu ni kwamba hakuna kipimo kimoja cha sauti kinachofuatwa na mafundi wote. Kila seti hulinganishwa kwa nafsi yake, hata ala ya seti moja ikihamishiwa seti nyingine haipatani na wenzake wapya. Kwa hiyo mtu hanunui gamelani kipande kipande kama anunuavyo vikombe. Seti ni chombo kimoja kinachopigwa na mikono mingi.

Hakuna kiongozi anayesimama mbele na kijiti. Mpiga ngoma, ambayo huitwa kendangi, huketi chini pamoja na wenzake, naye huwaongoza kwa mapigo yake: hapa tuharakishe, hapa tupunguze, hapa tumalize. Ala ziitwazo saroni hupiga kiini cha wimbo, nacho huitwa balungani, neno litokanalo na lile la mifupa. Nyingine huivika mifupa hiyo nyama. Patu nazo hugawanya muda, na upatu mkubwa kupita zote hufunga mzunguko.

Huu mgawanyo wa muda ndio tunaoupendekeza kwa shule ya msingi. Mzunguko mfupi unaowafaa wanaoanza huitwa lancarani. Tuuhesabu kwa mapigo 16. Chungu kidogo chenye sauti kavu, ketuki, hupigwa katika kila hesabu ya witiri: 1, 3, 5, hadi 15. Chungu kikubwa, kenongi, hupigwa katika 4, 8, 12 na 16. Upatu mdogo wa kutundikwa, kempuli, hupigwa katika 6, 10 na 14. Upatu mkubwa hulia mara moja tu, katika 16. Msomaji makini atauliza: je, hesabu ya 2? Kwa mpango ule, kempuli ingestahili kulia hapo. Hailii. Upatu mkubwa umetoka kulia punde tu, na mvumo wake haujaisha. Basi kempuli hunyamaza kuupisha. Wajava wamekipa kimya hicho jina, wanakiita wela. Sisi tulio walimu, ambao twaogopa kimya darasani kama moto, tungefaidika kulitafakari neno hilo.

Tulijaribu mzunguko huu na wanachuo wetu wa mwaka wa kwanza. Zana tuliziokota: debe lililofudikizwa likawa ketuki, sufuria kuukuu ikawa kenongi, kipande cha reli kikawa kempuli, na rimu ya gari, ile ile iliyokuwa kengele ya chuo, ikawa upatu mkubwa. Tuliwaambia mapema kwamba hii si gamelani, wala tusidanganyane. Sauti za madebe hazikaribii slendro. Lililo la kweli ni mpango wa muda tu, na mwalimu atakayewaambia watoto zaidi ya hapo atakuwa amewapotosha.

Jaribio la kwanza halikufaa kitu, na kosa lilikuwa letu. Tuliandika hesabu zote 16 ubaoni, tukachora alama chini yake, tukaamrisha kuanza. Kila mmoja alikodolea macho ubao; hapana aliyemsikiliza mwenziwe. Tena waliikazia hesabu ya kwanza, kama watu wa gwaride. Kwa Wajava uzito wa mapigo manne huangukia la nne, na uzito wa mzunguko mzima huangukia pigo la mwisho. Muziki hauondoki kwenye moja, bali huiendea kumi na sita. Kwa hiyo tulifuta ubao. Tukawaambia watamke ala zao kwa vinywa kabla ya kugusa chochote, jambo lililokuwa rahisi, maana majina ya ala hizo yaiga sauti zake. Walipoweza kutamka huku wakitembea, ndipo tukawarudishia madebe.

Twajua kuna wenzetu watakaouliza: je, maandishi hayana kazi? Yanayo. Mwishoni mwa karne ya 19, katika mji wa Surakarta, uliundwa mwandiko wa tarakimu uitwao kepatihani, ambao hutumika hadi leo kuhifadhi nyimbo na kufundishia. Sauti huandikwa kwa tarakimu, na nafasi tupu huandikwa kwa nukta. Mtoto wa darasa la tatu aweza kuusoma. Lakini mabingwa hupiga kwa kukumbuka na kusikilizana. Karatasi huja baada ya sikio kuamka. Ikitangulia, sikio hulala.

Wengine husema muhtasari umejaa, na ngoma zetu wenyewe hatujazimaliza. Hoja hii ina nguvu kuliko ile ya kwanza. Jibu letu ni kwamba aliyezoea kukaa na pigo lake dogo, asilipapatikie la jirani, huzisikia hata ngoma za kwao upya. Tungependa kutahadharisha jambo moja. Mwaka 1964 mtaalamu A. M. Jones alichapisha kitabu akidai kwamba marimba za Afrika zilitokana na watu wa Indonesia. Wataalamu wengi hawakuridhika na ushahidi wake. Mwalimu asiifundishe dhana hiyo kama jambo lililothibitishwa, hata kama inapendeza masikioni.

Adabu nayo ni sehemu ya somo. Mpigaji wa Java huvua viatu kabla ya kukaribia ala, wala haziruki kwa mguu, huzunguka. Seti zinazoheshimiwa hupewa majina yenye cheo cha Kyai, neno ambalo huwatangulia pia wazee na wanavyuoni wa dini. Upatu mkubwa ndio unaotukuzwa kuliko zote, na mahali pengi huwekewa maua na uvumba. Wenzetu wa pwani watafurahi kujua kwamba katika miji ya Yogyakarta na Surakarta, msimu wa Maulidi, seti za kale hutolewa katika jumba la mfalme na kupigwa katika uwanja wa Msikiti Mkuu, katika sherehe iitwayo Sekateni. Mbili za Yogyakarta huitwa Kyai Guntur Madu na Kyai Nagawilaga.

Wala si mambo ya majumba ya wafalme tu. Ki Hadjar Dewantara, aliyefungua shule za Taman Siswa huko Yogyakarta mwaka 1922, katika siku za utawala wa Waholanzi, aliuweka muziki na uchezaji wa Kijava katikati ya malezi ya watoto. Baadaye alikuwa waziri wa kwanza wa elimu wa Indonesia. Alifundisha kwamba mwalimu aliye mbele awe mfano, aliye katikati aamshe ari, na aliye nyuma atie nguvu. Tunaona katika fikra hiyo kitu cha yule mpiga kendangi aketiye chini pamoja na wenzake.

Tumesema kosa lilikuwa letu, nalo halikuwa moja. Rimu tulimpa mwanachuo ambaye wenziwe walisema hana sikio. Hata sisi, tukiri, tulimpa kwa kuwa pigo lake lilikuwa moja tu, tukidhani hataharibu mengi. Kila mzunguko alichelewa kidogo, nasi kila mara tulimkemea mbele ya darasa. Wiki ya pili aliacha kuja. Baadaye tukisoma, tulijifunza kwamba katika upigaji wa Java upatu mkubwa kwa desturi hucheleweshwa kidogo, ukaangukia nyuma ya saroni, ili mzunguko upate kutua. Kijana yule alikuwa akisubiri sauti za wenziwe zifike. Tulimwendea bwenini tukamwomba radhi, naye akarudi.

Sasa yuko katika mazoezi ya kufundisha. Ametuandikia kwamba mwalimu mkuu wa shule aliyopangiwa amekataa kumwazima rimu, kwa hofu kwamba watoto wataisikia na kukimbilia nyumbani. Ametafuta sahani kuukuu ya plau, ameitundika kwenye mwembe, na mtoto aliyemchagua kuipiga ni yule asiyeitwa kamwe katika kwaya.