Mahubiri ya Juu ya Dungu

Miongoni mwa vitabu vya dini vitokavyo Marekani kuna aina moja ambayo imekwisha kuzoeleka: kitabu kidogo cha tafakari za kila siku kwa Mkristo mwindaji. Mpango wake hauna siri. Mtu huondoka nyumbani kabla ya alfajiri, katika majira ya kupukutika kwa majani, akapanda dungu alilolifunga mtini. Amevaa nguo zinazofanana na magome, ameiua harufu ya mwili wake kwa dawa, na upinde au bunduki ipo mapajani. Baridi humwuma, saa hupita. Hatimaye mnyama hujitokeza, mshale huruka, na ukurasa humalizikia kwa fundisho: ndivyo Mungu anavyowalipa wenye subira. Baadhi ya makanisa ya nchi hiyo huandaa hata karamu za nyama ya mwitu ili kuwavuta wanaume wasiopenda viti vya kanisani, na baada ya kula, katika baadhi ya karamu hizo, huchezwa bahati nasibu ya bunduki.

Sina ugomvi na baridi ile wala na ukimya ule. Mtu aliyekaa kimya mwituni kwa saa nne huenda akasikia mambo ambayo mjini hayasikiki. Ugomvi wangu ni juu ya fundisho lenyewe, kwa kuwa limesimamishwa upande usio wake. Katika Biblia mawindo hutajwa mara nyingi, na mara nyingi mno mwenye kusali ni yule anayewindwa.

Walimu wa Kiswahili tuna njia yetu ya kulipima jambo hili: na tujaribu kufasiri. Tutakwama katika neno la kwanza. Mnyama wa Marekani mwenye pembe za matawi, ambazo humwanguka na kumea tena kila mwaka, si kulungu, si paa, wala si swala. Afrika yote kusini mwa Sahara haina mnyama wake wa asili wa jamii hiyo. Wafasiri wa Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 walilijua tatizo hili, na katika Zaburi ya 42 wakamwita ayala, neno la ukoo mmoja na majina yake ya Kiebrania na Kiarabu. Basi na tumwite ayala. Lakini tukiisha kumwita hivyo, Zaburi hiyo inatusimamia mlangoni. Ndani yake ayala anaona kiu, anayatamani maji, naye ni mfano wa nafsi ya mwanadamu imtafutaye Mungu. Mwindaji wetu je? Yuko juu ya mti, karibu na njia iendayo kisimani, anamngoja mwenye kiu.

Kisha linakuja tendo lenyewe. Kukaa kwa siri ukimngoja asiye na habari, kwa Kiswahili ni kuvizia. Sijapata kusikia mtu akisifiwa kwa kuvizia. Anayevizia ni chui, ni mwizi, ni adui. Kutega, kunasa, kumwinda mtu: yote haya yakitoka mwituni na kuingia katika mazungumzo ya watu huwa mabaya. Ni kweli tunayo methali isemayo msasi haogopi mwiba, lakini hiyo humsifu kwa ujasiri wake, haimwiti mcha Mungu. Hata dungu, kwa wakulima wetu, lilijengwa shambani kwa ajili ya mlinzi anayefukuza nyani na ndege wasile nafaka ya watoto wake. Subira ya aliye juu ya dungu hilo ni ya kulinda. Tena subira peke yake si wema. Wema wake hutokana na kile kinachongojewa.

Liko pia neno jangili, ambalo katika nchi zetu huwezi kuligusa pasipo kumgusa mtu. Mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga, kusini magharibi mwa Uganda, ilipofanywa hifadhi za taifa, Watwa waliokuwa wakiwinda, wakirina asali na kuchimba mizizi humo walitolewa nje. Aliyerudi kutega mnyama wa kitoweo akawa mhalifu. Sasa mwalimu wa eneo lile awasomeshe watoto wa Watwa habari ya bwana mwenye leseni anayemshukuru Mungu kwa kumpa mawindo! Sijui atawatazama kwa macho gani.

Turudi kwenye Maandiko, maana ndiyo silaha yao. Wawindaji wakubwa wanaotajwa kwa jina ni wawili. Nimrodi alisifika kwa uwindaji, na Babeli inahesabiwa katika mwanzo wa ufalme wake. Esau alirudi kutoka nyikani na njaa yake, akauza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Daudi alimwua simba na dubu, lakini alifanya hivyo akiwa mchungaji, kuwaokoa kondoo. Na Sauli alipomfukuza, alijifananisha na kware awindwaye milimani. Zaburi ya 91 yaahidi wokovu kutoka katika mtego wa mwindaji; ile ya 124 yashukuru kwamba mtego umevunjika na ndege ameponyoka. Wataalamu wa sheria za Kanisa walilitambua jambo hili zamani. Katika mkusanyo wa Gratian, wa karibu mwaka 1140, imo kauli kwamba katika Maandiko hapatikani mwindaji mtakatifu, ila wavuvi watakatifu wapo. Na Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ukawakataza makasisi kuwinda.

Najua jibu litakalotolewa: mvuvi naye huua. Kweli, huua. Lakini Petro na wenzake walikuwa wakitafuta riziki, na walipoitwa waliziacha nyavu zao. Yeremia, katika sura ya 16, anawataja wavuvi na wawindaji pamoja, na humo wote wawili ni adhabu inayowaandama watu hata kwenye majabali.

Wengine watanikumbusha Mtakatifu Hubert, askofu wa Liège aliyefariki mwaka 727, msimamizi wa wawindaji, ambaye sikukuu yake ya tarehe 3 Novemba husherehekewa Ubelgiji na Ujerumani kwa baragumu na kubariki mbwa. Hadithi yake, ambayo kabla yake ilisimuliwa juu ya Eustakio, askari wa Kirumi, ni hii: alimfuata ayala msituni, ayala akageuka, na kati ya pembe zake ukaonekana msalaba. Katika hadithi ya Eustakio sauti ilitoka ikamwuliza kwa nini anamfukuza. Mwindaji akashuka katika farasi akapiga magoti. Yaani fundisho lilimjia alipoacha kuwinda, tena kutoka kinywani mwa mnyama! Karne zilizofuata zilichukua pembe na msalaba zikaliacha lile swali; na leo ayala huyo amechapwa katika nembo ya kileo cha Kijerumani kiitwacho Jägermeister.

Nisije nikaonekana mtu wa kulia machozi juu ya kitoweo. Nyama ya mwitu ni halali, na Sheria ya Musa yenyewe inamruhusu mwindaji. Huko Marekani ayala wenye mkia mweupe, ambao mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa karibu kwisha, leo wanakadiriwa kufikia milioni 30 hivi. Kodi ya bunduki na risasi, ambayo kwa sheria ya mwaka 1937 ilielekezwa kwenye kazi hiyo, imesaidia sana kuhifadhi wanyama wa mwitu. Na mahali ambapo mbwamwitu wameondolewa, ayala wakizidi huumaliza msitu mchanga. Mwenye kuwapunguza anafanya kazi. Na aifanye, ale, awagawie majirani.

Lakini kama anatafuta neno la Mungu hasa kwa mwindaji, lipo katika Mambo ya Walawi 17. Akiisha kumwua mnyama au ndege, aimwage damu yake na kuifunika kwa mchanga, kwa sababu uhai umo katika damu. Hakuna sifa hapo, wala tuzo ya subira. Kuna mtu anayeinama chini kuficha alichokimwaga. Nimetazama picha za vitabu hivi: mwindaji amepiga goti, kweli, lakini ameishika pembe ya mfu na kutabasamu mbele ya kamera.

Msomo wa namna hii ukiwafikia wanafunzi wenu, msiuchane. Waachieni wausome hadi mwisho, wajifunze msamiati wake, kisha muwape zoezi la kuuandika upya, nafsi ya kwanza, msimulizi akiwa ni ayala aliyekuwa akienda kunywa maji.