Kumbadilishia Mlevi Kilevi si Kumtibu

Iko hoja itokayo Marekani ambayo imeanza kuvishwa joho la elimu: kwamba mlevi anayetaka kupunguza pombe, na avute bangi. Hoja hiyo haina budi kujibiwa, tena kwa akili wala si kwa matusi.

Tukubali kwanza lililo kweli. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 pombe iliua watu milioni 2.6. Na mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walitangaza kuwa watu waliokwisha zoea vilevi vyote viwili, walipovutishwa bangi kali katika maabara, walikunywa pombe pungufu kwa asilimia 27 hivi kuliko walipovuta bangi iliyoondolewa ukali. Lakini jaribio hilo lilipima saa mbili tu, na watafiti wenyewe hawakumshauri mtu yeyote afanye mabadilishano hayo. Saa mbili za maabara si miaka ishirini ya kazi, ndoa na malezi.

Historia nayo inatuonya. Mwaka 1884 Sigmund Freud, daktari wa Vienna, aliisifu kokeini kuwa ni dawa ya kuwaachisha watu mofini. Rafiki yake aliyeijaribu tiba hiyo hakupata uhuru. Alipata bwana wa pili.

Pengine ndugu msomaji atauliza: Je, methadoni inayotolewa Muhimbili tangu mwaka 2011 kwa watumiaji wa heroini, si kileo badala ya kileo? La, hasha! Mgonjwa hupewa kipimo chake, hukinywa mbele ya mhudumu, na daktari humfuatilia. Hapo ndipo tiba inapoachana na biashara. Bangi ya mtaani haina kipimo wala daktari. Inaye mchuuzi tu, ambaye faida yake ni mteja asipone. Hata Colorado, ambako wapiga kura waliihalalisha mwaka 2012, mwenye duka hamwulizi mnunuzi kama ameacha pombe au ameongeza kilevi cha pili.

Mwalimu aingiaye darasani akiwa amelewa bangi hana tofauti na yule anukaye pombe: wote wawili wamewaibia watoto somo lao. Mlevi ni mgonjwa. Tumpeleke hospitali, apewe ushauri na dawa zilizothibitishwa, wala tusimcheke. Anayezama baharini haokolewi kwa kuhamishiwa ziwani.